Developa, Hiyo Saa Ni ya Nani?

Wacha niseme mapema ndio tukosane vizuri. Ukiandika fankisheni ya kuhesabu faini, riba ama siku ya mwisho ya kulipa, halafu katikati yake uchomeke date.today() ama LocalDate.now(), umetega mtego. Na atakayenaswa si wewe. Ni mtu hajawahi kukuona na hajui hata seva ni nini.

Naongea hivi juu niliutega mwenyewe.

Kuna chama kimoja pande za Keroka. Kwa wenye hawajafika, Keroka ni ule mji umekatwa na mpaka wa kaunti, upande huu Kisii, upande ule Nyamira, na watu wamebishana miaka mingi mji ni wa nani. Hicho chama kilikuwa kinaandika michango kwa daftari, nikawaambia niwatengenezee mfumo. Masharti yalikuwa rahisi. Kila mwezi unatoa 2,000 kufikia tarehe 5. Ukichelewa, faini ni 200. Unalipa kwa M-Pesa, mfumo unajirekodi wenyewe, mweka hazina anapumzika. Nilijiona mkali sana.

Miezi kadhaa baadaye mama mmoja akasimama kwa mkutano na simu mkononi. Anauza ndizi. Lori lake hupakia usiku ndio lifike Nairobi kabla soko lichangamke, kwa hivyo usiku mwingi yuko macho. Alikuwa amejipangia: mwezi ukianza tu, lori likishatoka, kitu ya kwanza ni kutuma mchango. Yaani alikuwa mtu wa kwanza kulipa kwa chama kizima. Na mfumo wangu ulikuwa umempiga faini ya Juni, Julai na Agosti. Shilingi 600.

Mwenyekiti akasema mashine haina upendeleo. Mimi nikasema, na hapa ndipo naona haya kuandika, "Mama, labda umechanganya tarehe." Akanipatia simu. Ujumbe wa M-Pesa ulikuwa wazi kabisa: tarehe 1, saa 1:15 AM. Akaniuliza, "Kijana wangu, na hii simu pia imechanganya?"

Sikuwa na jibu.

Kilichokuwa kinatendeka ni hiki. Seva niliyokodisha iko ng'ambo na saa yake imewekwa UTC. Kenya tuko masaa matatu mbele. Kwa mama ilikuwa saa saba na robo usiku, tarehe 1 Agosti. Kwa seva ilikuwa saa nne na robo usiku, tarehe 31 Julai. Malipo yakiingia, msimbo wangu ulikuwa unauliza seva, "Leo ni tarehe gani?" Seva ikajibu kwa ukweli wake: Julai. Kwa hivyo mchango wa Agosti ukaandikwa Julai, na ikifika tarehe 5 Agosti mfumo unaangalia, haupati kitu, unapiga faini. Mwezi uliofuata ni hivyo hivyo. Angekuwa mzembe alipe tarehe 3 saa sita mchana, hangekatwa hata shilingi. Aliadhibiwa kwa kuwahi.

Na kuna kitu kinaniuma zaidi. M-Pesa ikileta taarifa ya malipo kwa mfumo wako kupitia Daraja (ile ya Safaricom, si soko letu la Daraja Mbili), wakati wa muamala umeandikwa ndani ya taarifa yenyewe. Nilikuwa nimeletewa wakati sahihi mlangoni. Nikautupa, nikaenda kuuliza saa ya ukutani kwa nyumba ya mtu mwingine.

Hiyo tabia ndiyo napigana nayo leo. Tumezoea kuona saa kama hewa, kitu kiko tu, unavuta. Kwa programu saa si hewa. Ni kitu kinatoka nje, kama pesa inavyotoka nje, kama jina la mteja linavyotoka nje. Hakuna developa anaweza kuandika fankisheni ya kutoza faini halafu ndani yake iende yenyewe kutafuta mteja wa kutoza. Utasema huyo ni kichaa. Mteja anapitishwa kama paramita. Sasa mbona tarehe, ambayo ndiyo inaamua kama kuna faini ama hakuna, unaiacha ijitafutie?

Wazee wa programu wana jina la kuacha hii tabia: dipendensi injekshoni. Martin Fowler aliandika makala ndefu kuihusu Januari 2004, na tangu hapo watu wameifanya ionekane ni dini yenye mapadri, mafaili ya mipangilio na fremuweki kubwa. Maana yake ni ndogo sana. Kitu unachokitegemea, upewe. Usijichukulie. Kwa saa, ni kuandika toza_faini(mwanachama, sasa) badala ya toza_faini(mwanachama) halafu ujifiche ndani ukichungulia saa. Imeisha. Umeongeza neno moja. Ukiwa na klasi, mpe saa wakati unaiunda, na yeye aulize hiyo saa aliyopewa. Kazini unampa saa ya kweli. Kwa testi unampa saa imesimama pale unapotaka.

Wenye wananicheka sai najua wanasema nini: "Hiyo ni kujipea kazi ya bure. Tarehe ni tarehe."

Sawa, wacha nikwambie kazi ya bure ni gani. Baada ya ule mkutano nilienda kutafuta kasoro. Nikafungua lapi saa nane mchana, nikatuma malipo ya kujaribu, yakaingia mwezi sahihi. Nikatuma tena, sawa. Jioni, sawa. Nikaanza kushuku mama tena, Mungu anisamehe. Halafu nikaamua kurudisha saa ya lapi nyuma ndio nidanganye mfumo. Tovuti zote zikaanza kulia kwamba vyeti vya usalama si halali, nusu ya vitu nilivyohitaji vikagoma. Mwishowe nilikaa macho siku ya mwisho wa mwezi, na chai ya maziwa kwa chupa, nikingoja saa sita usiku kama mlinzi. Hiyo kasoro iliishi masaa matatu tu kila mwezi, kutoka saa sita usiku hadi saa tisa. Mwezi una masaa zaidi ya 700. Mimi nilikuwa naitafuta kwa hayo mengine yote.

Nilipobadilisha msimbo upokee wakati kutoka nje, testi ilikuwa mistari minne. Mpe fankisheni tarehe 1 Agosti, saa 1:15 AM, Nairobi. Uliza: huu ni mchango wa mwezi gani? Ikajibu Julai. Testi ikafeli mchana kweupe, chini ya sekunde moja. Kasoro iliyonikesha usiku mzima ilikuwa imekaa tu hapo kwa skrini.

Nisidanganye mtu: kupewa saa hakukurekebisha kosa langu. Kosa lilikuwa saa za eneo, na unaweza kupokea saa vizuri sana halafu bado uhesabu vibaya. Kulichofanya ni kuliweka kosa mahali naweza kulishika. Na kulinilazimisha nijibu swali ambalo nilikuwa nimekwepa tangu siku ya kwanza: huu mwezi unaanza saa sita usiku ya nani?

Hilo swali si la kompyuta. Kile chama kina wanachama Minnesota, na kama unatoka Gusii unajua vile watu wetu wamejaa huko. Julai, saa saba na robo usiku Keroka ni saa kumi na moja na robo jioni kwao, na bado ni siku ya jana. Ikifika Novemba Marekani wanarudisha saa nyuma, tofauti inatoka masaa manane inakuwa tisa. Mtu wa Minneapolis akituma mchango jioni ya tarehe 5, amechelewa ama hajachelewa? Developa hana haki ya kuamua hiyo. Seva ndiyo kabisa haina. Niliwauliza wanachama, wakabishana karibu saa nzima, wakakubaliana saa ya Keroka ndiyo sheria kwa wote. Dakika mbili baadaye nilikuwa nimeandika Africa/Nairobi kwa mfumo. Tungejadili hii siku ya kwanza kama fankisheni ingekuwa inadai kupewa saa, juu ningelazimika kuuliza: nikupe saa gani?

Tena sisi ndio watu wa mwisho kufaa kufanya hili kosa. Tumelelewa na saa mbili kichwani. Simu inasema 7:00, mdomo unasema saa moja. Ukiambiwa "tupatane saa mbili pale stejini" lazima uulize: asubuhi ama usiku? Mgeni akija unamuuliza anahesabu kwa Kizungu ama kwa Kiswahili. Hatujawahi kuamini kwamba saa ni kitu kimoja kwa wote. Halafu tukikaa kwa kompyuta tunakuwa wajinga ghafla. Na usijifariji kwamba Kenya hatubadilishi saa ati +3 ni ya milele. Fungua rekodi za Africa/Nairobi kwa ile hifadhidata ya saa za dunia ambayo kompyuta nyingi zinatumia, utapata kuna miaka ya ukoloni hii nchi ilikuwa masaa mawili na nusu mbele ya Greenwich, na mingine masaa mawili na dakika 45. Mtu aliamua, mtu akabadilisha.

Bado unaona ni story ya chama kidogo? Basi angalia mita ya stima kwenu.

Mwaka wa 2024 Kenya Power walianza kutuambia tusasishe mita za tokeni. Ukinunua stima, badala ya namba moja ya tarakimu 20 unapata tatu. Mbili za kwanza za kusasisha mita, ya tatu ndiyo stima yako. Watu walinung'unika, wengine wakasema ni njia mpya ya kutuibia. Kisa kilikuwa saa. Mfumo wa hizo mita, STS, unatumika nchi nyingi duniani, na kila tokeni imebeba ndani yake dakika ambayo ilitolewa, ikihesabiwa kutoka 1 Januari 1993. Nafasi ya hiyo hesabu ni biti 24. Biti 24 zinabeba dakika milioni 16.7 hivi, karibu miaka 32. Zikaisha 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikuwa imesasishwa kufikia hapo ingekataa tokeni mpya, hata kama umelipa.

Wengi waliichukua hii kama hadithi ya kuonyesha vile mahandisi ni wazembe. Mimi naona kitu kingine, na kinanifurahisha. Mita ya kawaida ya STS haihitaji kuangalia saa yoyote ndio ikubali tokeni. Haina habari leo ni Jumatatu. Inapewa wakati ndani ya zile tarakimu unazobonyeza, inalinganisha na tokeni ilizopokea tayari, inakubali ama inakataa. Ile sanduku ya ukutani Nyansiongo ama Suneka imefuata dipendensi injekshoni vizuri kukuliko. Na juu wakati unaingia kwa mlango, mtu kwa maabara anaweza kuipa mita tokeni ya dakika ya mwisho kabisa miaka mingi kabla hiyo dakika ifike, aone nini kinatokea. Hangoji Novemba. Kosa la biti chache lilikuwepo, lakini lilijulikana, likawa na tarehe, likatangazwa, na dawa ikapita kwa njia ile ile ya tarakimu. Linganisha na mimi na chupa yangu ya chai saa sita usiku.

Kuna kundi lingine lenye sitaki kuwapuuza, maana wana hoja. Hawa wanasema: "Si kuna freezegun kwa Python? Si kuna saa bandia za Jest kwa JavaScript? Nasimamisha saa wakati wa testi, msimbo wangu unabaki vile ulivyo." Kweli zipo na zinafanya kazi. Ukirithi mfumo wa mtu wenye now() mia mbili, tumia, sitakulaumu. Lakini kwa mfumo mpya unaouandika sai, hiyo ni kuteka nyara saa ya programu nzima juu hukutaka kuongeza paramita moja. Na fankisheni yako bado inadanganya. Mtu akisoma toza_faini(mwanachama) anaamini inahitaji mwanachama tu. Hajui kwamba jibu lake Jumatatu si jibu lake Jumanne.

Halafu kuna wale wanakubali nusu, na hao wananitisha kuliko wanaokataa. Wanaandika kwa Python: def toza_faini(mwanachama, leo=date.today()). Wanasema, si ona, nimepitisha kama paramita! Bana. Python inahesabu hiyo thamani mara moja tu, wakati fankisheni inasomwa, yaani wakati seva inawaka. Ukiwasha seva tarehe 2 na isizimwe hadi tarehe 20, kwa hiyo fankisheni kila siku ni tarehe 2. Hakuna mtu atachelewa tena maishani. Wanachama watakupenda, mweka hazina atakutafuta.

Na kama unafikiri haya ni mambo ya watu wa mitandaoni wenye hawana kazi, Java iliweka Clock ndani ya lugha yenyewe tangu Java 8, mwaka wa 2014, pamoja na Clock.fixed ya kusimamisha saa. Microsoft walileta TimeProvider kwa .NET 8, Novemba 2023. Hiyo ni kampuni kubwa ikikubali kwamba kila mtu alikuwa anajitengenezea kifaa kile kile pembeni, heri kiwe rasmi. Kwa Go unapitisha fankisheni inayorudisha wakati, mstari mmoja. Hakuna lugha unatumia ambayo hii ni ngumu.

Lawama yangu kubwa iko kwa wanaofundisha. Nimetazama video nyingi za "jenga mfumo wa mikopo kwa masaa mawili". Ukifika pale pa riba, mwalimu anaandika now() katikati bila hata kupepesa macho, anabonyeza, namba inatokea, anasema "na hivyo tumemaliza". Hakuna anayejaribu mwisho wa mwezi. Hakuna anayejaribu 29 Februari. Hakuna anayeuliza kitatokea nini kwa mkopo wa miaka 15 ukivuka 19 Januari 2038, siku ambayo hesabu ya sekunde za tangu 1970 inajaa kwa mifumo ya biti 32 (kwetu itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, kama unataka kuamka uangalie). Huwezi kujaribu hayo yote kwa video juu saa imefungiwa ndani. Kwa hivyo wanafunzi wa kampasi hapa Kisii wanatoka wakijua kuunganisha M-Pesa kabla wajue kujaribu tarehe, halafu wanaenda kuandikia watu mifumo ya madeni. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Mahali sahihi pa kuuliza saa ni mlangoni, mara moja. Ombi likiingia, chukua wakati, upitishe ndani hadi mwisho. Usiulize tena njiani. Ukiuliza mara mbili na katikati ikagonga saa sita usiku, risiti itasema tarehe 31 na leja itasema tarehe 1, na wote wawili wanasema ukweli. Jaribu kuelezea hiyo kwa mkutano wa chama.

Mama alirudishiwa 600 zake mbele ya wote, na nikamwomba msamaha mbele ya wote pia, maana nilikuwa nimemshuku mbele ya wote. Hakusema mengi. Aliuliza tu kama kuna wengine walikatwa hivyo na hawakusema. Nikapitisha rekodi zote upya kwa fankisheni mpya, nikiipa kila malipo wakati wake wa kweli. Walikuwa wawili zaidi. Mmoja ni boda anayefanya kazi usiku, mwingine ni mlinzi. Watu wa usiku wote, na hakuna hata mmoja alikuwa amelalamika. Walidhani ndivyo mfumo unavyofanya kazi.

Sasa fungua ripo yako, tafuta now( na today(, uhesabu. Mimi nilipata 37. Sai zimebaki nne, zote ziko kwa sehemu ya ripoti niliyoandika kwa haraka, na wiki hii nazitoa.